Zizi Lililofungwa kwa Betri

Sabdio, mke wa Gollo, aliuza maziwa Garsen, ng'ambo ya mahali yaliposimama mabasi ya Lamu, na vumbi la kila basi lilimfikia kabla ya abiria. Alikuwa Morma, wa wafugaji wa Tana, mrefu, mkavu, wa maneno machache, na maziwa yake hayakutiwa maji. Yeye aliona hilo ni jambo la kawaida. Wauzaji wenzake waliliona kuwa ni namna ya kuwaonea.

Ubavuni pake alikaa Dinah, Mpokomo wa Kulesa, aliyeuza ndizi na maembe. Kwa kuwa watu wa ng'ombe na watu wa mashamba wamegombea kingo za Tana tangu enzi za babu zao, wanawake hawa wawili waligombana kila asubuhi kwa niaba ya jamaa zao, kidogo kidogo, huku wakigawana chai.

"Ng'ombe wenu wamelala tena shambani kwa mjomba wangu," Dinah alikuwa akianza.

"Mjomba yako alipanda ndizi kwa njia ya ng'ombe. Ng'ombe hajui kusoma."

"Na wenyewe je?"

"Mimi najua. Kidogo."

Na alijua kweli. Aliwahi kusoma ngumbaru, darasa la watu wazima, mpaka akaweza kuandika jina lake na kusoma bei, kisha akaacha, kwa sababu hakuona kitu kingine kilichoandikwa Garsen ambacho kilimhusu. Elimu ile ilikaa bure kwa miaka, kama jembe nyumbani kwa mfugaji, mpaka mwaka wa tisini na tisa, Wario alipomletea gemu, mashine ndogo ya michezo ya kushika mkononi.

Wario, ndugu yake mdogo, alikuwa askari wa lango katika nyumba moja ya Waitaliano huko Malindi. Mtoto wa nyumba ile alikuwa amenunuliwa mashine mpya yenye rangi, na ile ya zamani akapewa Wario pamoja na kaseti yake moja, iliyobeba mchezo. Ilikuwa ya kijivu, nzito kama kipande cha sabuni ya mche, na kioo chake kilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha. Wario aliibonyeza bonyeza, akashindwa, akampelekea dada yake. Yaelekea alidhani ina redio.

Maneno yote yalikuwa ya Kitaliano, lakini Sabdio hakuyahitaji. Kijana mwenye fimbo alitembea katika majani marefu, na ndani ya majani mlikuwa na wanyama. Basi. Sabdio alielewa papo hapo mchezo ulikuwa unahusu nini, akawaheshimu Waitaliano kuliko alivyokuwa amewaheshimu awali.

Ukweli ni kwamba waliotengeneza mchezo ule walikusudia vita. Wanyama walipaswa kukamatwa, kufundishwa kutema moto, na kupelekwa kuwapiga wanyama wa watu wengine. Hilo Sabdio hakulijua, na alipolijua hakulijali. Aligundua kwamba ukiweka chumvi majanini, baadhi ya wanyama huja wenyewe. Aligundua kwamba wanaweza kupelekwa mtoni wakanywa. Kila alipokutana na mtu njiani aliyetaka kupigana, palikuwa na kitufe cha kukimbia, naye alikibonyeza bila aibu yoyote. Mwenye mifugo hapigani na kila mpita njia. Kwa hiyo miezi ilipita na Sabdio hakuwa ameshinda pambano hata moja wala kuvuka kijiji cha pili, lakini alikuwa na kundi ambalo wenye mchezo, lau wangeliona, wangejiuliza walikosea wapi.

Hawakuwa ng'ombe hasa. Mmoja alifanana na kondoo aliyemeza mpira. Mwingine alikuwa kenge mwenye mabawa. Lakini kila mmoja alipoingia, mchezo uliomba apewe jina, herufi tano, na hapo ndipo ngumbaru ilipopata kazi.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mvua za Elnino zilipojaza mto ukavunja kingo zake, maji yalichukua sehemu ya ng'ombe wa Gollo, na homa iliyofuata maji ikachukua sehemu kubwa ya waliobaki. Wachache waliopona, Gollo aliwahamishia upande wa Chara, akakaa nao huko, akawa anatuma maziwa kwa mtumbwi, na mwenyewe anarudi nyumbani kwa nadra. Tangu wakati ule hakutaja jina la ng'ombe hata mmoja aliyekufa. Sabdio naye hakutaja. Walipokutana walizungumza habari za sukari, kama ipo au haipo, na kama ipo ni ya wapi.

Basi yule kondoo wa mpira akawa DALAT, yaani Dalati, ng'ombe wa kijivu, mama wa wengi. Kenge akawa GURRA, kwa ajili ya Gurrati, yule mweusi aliyetoa maziwa hata mwaka wa ukame. Magalti akawa MAGAL. Herufi zilizozidi zilikatwa, kama mkia wa kamba. Sabdio aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, na hakumwambia mtu majina yale ni ya nani. Kila jioni aliwanywesha, akawarudisha, kisha akabonyeza neno la Kitaliano lililoanza kwa S, na mashine ikalia vilio vitatu vidogo. Hilo aliliita kufunga zizi. Asubuhi alilifungua akawakuta.

Palikuwa na kasoro moja tu. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, hilo kila Morma analijua, anayewahesabu anawapunguza. Mwenyewe huwajua kwa sura na kwa jina, na akikosekana mmoja ataona pengo lake bila hesabu ya mtu. Lakini mchezo ule, kwa utovu wa adabu, uliandika idadi ya kundi zima katika pembe ya juu ya kioo. Sabdio aliomba plasta zahanati, akasema ni ya kidole, akaibandika juu ya ile pembe, yakaisha.

Hayo yaliendelea vizuri mpaka asubuhi moja zizi lilipofunguka likiwa tupu. Mashine ilimuuliza jina lake, kama mgeni. Sabdio aliizima, akaichomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Walikuwapo. Siku nyingine akapuliza mara nyingi zaidi kabla hawajarudi. Dalili zile hakuhitaji kufundishwa. Ng'ombe anayeinuka kwa shida leo, kesho hainuki.

Aliifunga mashine katika pindo la leso, akaenda kwa Miraji.

Miraji alikuwa fundi wa saa na redio, Mswahili wa Kipini, aliyekaa barazani pa duka moja la nguo na lenzi jichoni. Aliamini kwamba kila kitu duniani ni saa, isipokuwa vile vilivyo redio. Dinah alimfuata Sabdio kule, eti ampelekee chai yake aliyoisahau.

"Fundi, hii iko na ugonjwa," Sabdio alisema.

"Mawe ya betri yamekwisha, mama."

"Mawe iko. Ugonjwa ni ya ndani."

Miraji alichomoa kaseti akaigeuza. Ilikuwa na skrubu moja, ya kichwa ambacho hakuna bisibisi Garsen iliyopata kukutana nacho. Aliunguza ncha ya ganda la biro mpaka ikalegea, akaikandamiza juu ya skrubu, akaiacha ipoe, akazungusha. Kaseti ikafunguka. Ndani, kando ya vijumba vyeusi, palikuwa na betri ya duara, ndogo, imeshikwa kwa vipande viwili vya bati.

"Ndoo uone, mama. Betri ya saa."

"Ndani ya kaseti iko betri?"

"Iko. Mashine yenyewe haikumbuki kitu, ukiizima imekufa. Haka ndiko kanakokesha na kukumbuka. Sasa kamezeeka. Na jua hili la Garsen, hata mimi nimezeeka."

"Toa. Weka mpya."

"Nikikatoa, inasahau yote. Si neno, ni kama saa, ukibadili betri unatega majira upya."

"Hii si saa," Sabdio alisema. "Ndani iko ng'ombe."

Miraji alimtazama, kisha akamtazama Dinah, ambaye alikuwa anang'ata leso asicheke. Akairudisha kaseti ikiwa wazi vile vile, akawasha, na kwa bahati zizi likafunguka. Kisha akafanya ambalo fundi yeyote angelifanya akiona plasta juu ya kioo: aliibandua. Na kwa kuwa alikulia Kipini, ambako samaki huhesabiwa mchangani kwa sauti kuu na asiyepaza sauti hula hasara, aliisoma ile idadi kwa sauti iliyofika dukani kwa jirani.

Idadi yenyewe haina haja ya kurudiwa hapa.

Sabdio alijifunika uso kwa mtandio.

"Umefanya nini wewe!" Dinah alimkemea. "Hawa hawahesabu!"

"Nimesoma tu! Si imeandikwa?"

"Imeandikwa na Mtaliano," Sabdio alisema kutoka ndani ya mtandio. "Yeye hana ng'ombe."

Na hapo kioo kikapepesa, kikawa cheupe, kikauliza jina la mgeni.

Kwa upande wa umeme, kaseti ilikuwa wazi na kidole cha Miraji kilikuwa kimegusa pasipostahili. Kwa upande mwingine, alikuwa amehesabu. Miraji mwenyewe, ambaye watu wa kwao wanajua vizuri jicho la hasidi ni nini, hakuthubutu kusema kwamba ni kidole. Alizima, akasoma dua kimoyomoyo, akaisukuma kaseti taratibu, akawasha. Tupu. Akarudia. Tupu. Akasoma tena, kwa urefu zaidi, akawasha, na yule kondoo wa mpira akatokea, amesimama majanini kana kwamba hakuna lililotokea. Miraji aliibandika plasta mahali pake kwa mikono yake miwili.

Dinah ndiye aliyeuliza. "Sabdio, ni ng'ombe gani hao hata ukajifunika hivi?"

Sabdio aliuteremsha mtandio usoni.

"Wale wa maji," alisema.

Dinah alikuwa na mizaha mitatu tayari, akaimeza yote. Maji yale yale yalikuwa yamepita Kulesa yakabeba migomba yake na jiko lake. Alimwekea mwenzake chai mkononi, akakaa kimya, jambo ambalo sokoni lingesababisha watu kuuliza kama anaumwa.

Miraji aliondoa lenzi jichoni, akairudisha, akaiondoa tena.

"Sikizani," alisema. "Ikiwa imewashwa, haya mawe manne makubwa ndiyo yanayoilisha kaseti. Wakati huo kale kadogo kamelala. Basi nikikatoa wakati makubwa yako zamu, huenda ng'ombe wasijue. Lakini makubwa yakizimika kati, mama, mimi sipo."

Sabdio alielewa upesi kuliko Miraji mwenyewe. Watu wake wakihama hawauzimi moto wa zamani mpaka ule mpya ushike.

"Mawe yako yana nguvu?" Miraji aliuliza.

"Ya zamani kidogo."

Dukani palikuwa na mawe yaliyokaa dirishani tangu msimu wa maembe uliopita, na hakuna aliyeyaamini, hata muuzaji. Dinah aliinuka, akaenda mpaka mezani kwake, akarudi na redio yake, ile aliyosikilizia matangazo ya vifo kila mchana. Akaipasua mgongo, akatoa mawe manne.

"Nikikosa kusikia msiba wa jamaa yangu, ni juu yako," alimwambia Sabdio.

"Nitakuambia mimi. Mimi nasikia misiba yote."

"Wewe utaniambia ya ng'ombe."

Chuma cha kuchomea kilikuwa tayari juu ya makaa. Miraji alipenda makaa kuliko umeme wa jenereta, ambao alisema una hasira zake. Aliufungua na mgongo wa mashine ili betri ichungulie nje, akambandikia Sabdio mikono mahali pa kushika, naye akashika kama mtu ashikavyo ndama anayetibiwa, bila kukaza na bila kulegeza. Dinah alisimama upande wa barabara, leso imetandazwa mikononi, akizuia upepo. Mashine iliwashwa. Kijana mwenye fimbo alisimama majanini akingoja.

Lori la mchanga likaja. Wote watatu walilisikia tangu mbali, na Miraji akakiinua chuma, akangoja lipite, meza itulie, vumbi likae juu ya chai. Kisha akainama. Bati la kwanza likaachia. La pili likagoma, likaachia. Betri ya zamani ikaanguka mezani, ndogo kama kifungo cha shati, na kwa muda ule ng'ombe wote wa Sabdio walikuwa wanaishi kwa mawe ya redio ya Mpokomo. Pakanuka risasi inayoyeyuka. Betri mpya ikakaa upande mmoja, kisha wa pili.

"Haya," Miraji alisema. "Zima."

"Zima wewe."

"Ng'ombe ni wako, mama."

Sabdio kwanza alifunga zizi: ile herufi S, vile vilio vitatu. Kisha akazima. Akawasha. Midomo yake ikaanza kwenda bila sauti, jina baada ya jina, kama afanyavyo mtu asimamaye langoni jioni wanyama wakiingia. Midomo ilipotulia, Miraji na Dinah walijua kwamba wameingia.

"Itakaa siku ngapi?"

"Miaka, inshallah."

"Halafu?"

"Halafu uje tena. Nisipokuwapo, atakuwapo mwingine mwenye makaa."

Miraji alilipwa maziwa. Aliyanywa palepale, akatulia kidogo, akauliza yametiwa nini. Aliambiwa hayakutiwa kitu.

Lakini sauti iliyokwisha kutoka haifungiki zizini. Ile idadi aliyoitangaza Miraji ilitembea, ikapanda mtumbwi, ikafika Chara: kwamba Sabdio ana ng'ombe Garsen, wengi, na kwamba amewaficha ndani ya betri. Haikupita muda Gollo akarudi nyumbani, akasema amefuata chumvi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kutazama mbali hata ndani ya nyumba. Alikunywa chai yake mpaka nusu. Kisha akasema kwa Kiorma, lugha ambayo Sabdio alikuwa na ulimi wake wote ndani yake:

"Nasikia una ng'ombe."

"Watu wa Chara hawana kazi?"

"Hawana. Nionyeshe."

Sabdio alimpa mashine. Gollo aliishika mbali na uso, akaitazama upande huu na upande ule. Hakujua kusoma, kwa hiyo mkewe alimsomea. Huyu Dalati. Huyu Gurrati. Huyu Magalti. Alipofika mwisho alisubiri kuambiwa kwamba amerukwa na akili, na alikuwa ameshaandaa jibu.

Gollo aliiweka mashine gotini.

"Dalati hakuwa hivi," alisema. "Pembe yake ya kushoto ilikuwa imeinama."

"Najua. Hapa hakuna pembe."

"Iliinama tangu alipopigana na fahali wa Harith. Wewe ulikuwa umekwenda Hola." Akakuna kidevu. "Na Gurrati hakunywa maji ya wengine. Lazima aende juu kidogo, peke yake. Hapa anakunywa wapi?"

"Juu kidogo. Peke yake."

Gollo akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndivyo ipasavyo. Akaendelea. Alimtaja kila mmoja na mama yake, na bibi yake ikibidi, na mahali alipozaliwa, na aliyemtoa mahari, mpaka chai ikapoa na utando ukatanda juu yake. Sabdio hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mwaka wa maji. Alimwacha. Hakumkumbusha habari ya chumvi.

Kisha Gollo akasita.

"Na Bore?"

Sabdio akaanza kukunja leso ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Bore alikuwa ng'ombe wa rangi ya vumbi, mkaidi, aliyepiga teke kila kibuyu kilichomkaribia na, siku moja, muundi wa Sabdio, ambao hadi siku ile ulikuwa na kovu.

"Umemsahau," Gollo alisema.

"Nani anaweza kumsahau? Sikumtia."

"Kwa ajili ya mguu."

"Mguu wenyewe ulikuwa wangu."

Gollo alitazama mbali, yaani ukutani.

"Maji yalipofika kifuani wengine walikata tamaa," alisema. "Bore alisimama. Alimsukuma mtamba wa Dalati kwa kichwa mpaka kwenye tuta. Yule mtamba ndiye ng'ombe ninaye Chara sasa, huyu unayeuza maziwa yake. Kisha yeye mwenyewe akageuka, sijui akitafuta nini, akaenda."

Sabdio aliacha kukunja leso.

"Hukuniambia," Sabdio alisema.

"Hukuuliza. Tulikuwa tunazungumza sukari."

Sabdio aliichukua mashine. Wanyama waliokubali chumvi alikuwa amewachukua wote. Alikuwa amebaki mmoja tu, kwenye kinamasi nyuma ya kijiji cha kwanza, mwenye pembe moja na macho ya ubishi, ambaye chumvi aliipiga teke. Mara zote alizokutana naye, Sabdio alikibonyeza kitufe cha kukimbia. Alimwonyesha mumewe.

"Huyu hataki chumvi. Haji mpaka apigwe."

Gollo alimtazama yule mnyama kwa makini.

"Ndiye," alisema.

Basi jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu Wario alete mashine, Sabdio alibonyeza kitufe kile kingine. Dalati, ambaye tangu azaliwe majanini hakuwa amefanya lolote ila kula na kunywa, alipelekwa mbele, akapigwa teke moja, akaanguka. Gurrati naye akaanguka. Kundi zima lilipigwa, mmoja mmoja, na mnyama mmoja wa rangi ya vumbi, huku Gollo akisema kila mara, kwa fahari isiyofichika, kwamba ndivyo alivyokuwa.

Kesho yake sokoni Dinah, ambaye sasa alikuwa na hisa katika jambo hili kwa sababu ya mawe yake, aliuliza kabla hata hajapanga ndizi.

"Nani anashinda?"

"Yeye."

"Mpe mchezo wa miguu! Mzungushe!"

"Wewe unajua nini? Wewe ni mtu wa ndizi."

"Ndizi haijanipiga teke."

Gollo alikuwa amesema anarudi Chara asubuhi ile. Alisema hivyo na asubuhi iliyofuata, na nyingine, akampelekea mpwa wake ujumbe awaangalie wanyama kidogo, yuko na shughuli ya mifugo Garsen. Jioni alikaa kando ya mkewe akimwelekeza, ingawa hakujua kitufe hata kimoja, na Sabdio alimwacha amwelekeze.

Mnyama alisalimu amri siku ambayo hakuna aliyetarajia, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kushindwa. Mashine ikaomba jina. Sabdio alitoa ulimi, akaandika B, akaandika O, akaandika R, akaandika E. Jina liliingia lote bila kukatwa, na nafasi ya herufi moja ikabaki.

"Yumo?" Gollo aliuliza.

"Yumo. Mwisho wa mstari. Amewapa wenzake mgongo."

Sabdio alihakikisha kwamba plasta imekaa sawasawa, akafunga zizi.